Mjomba anaimba saluni, mrabaha haufiki Kuze

Dada yangu ana saluni Majengo: viti vitatu, kioo kirefu kimoja na spika ndogo inayoimba toka asubuhi mpaka magharibi. Mwezi uliopita waliingia vijana wawili wenye fulana za kufanana, na askari mmoja nyuma yao. Wakasalimia vizuri, wakasimama kidogo kusikiliza, kisha mmoja akauliza, "Mama, leseni ya muziki iko wapi?"

Dada akatoa leseni ya kaunti. Akatoa cheti cha zimamoto. Akatoa na risiti ya muziki ya mwaka jana, aliyolipa kwa chama kingine. Wakamwambia ile imekwisha, na kwamba chama kile siku hizi hakina ruhusa ya kukusanya. Sasa ni hawa.

Yeye si mtu wa kelele. Alizima draya, akaelekeza kidole kwenye spika. "Huyo mnayemsikia ni mjomba wangu. Yuko Kuze, miguu imemvimba, dawa tunachangishana. Nikiwapa hizi pesa, yeye atapata ngapi?"

Kijana akamtazama mwenzake. Akasema kazi yake ni kukusanya; kugawa ni ofisi nyingine.

Dada alilipa. Vyama hivyo viwili sivitaji, kwa kuwa swali lake ni kubwa kuliko majina yao. Nimelifuata swali hilo wiki kadhaa sasa, nikasoma sheria, nikauliza wanaojua, na nikakaa na mjomba mwenyewe. Niliyoyapata ndiyo haya.

Niseme mapema kwamba dada alipaswa kulipa. Wapo wenzangu wa Pwani wanaoamini ukinunua wimbo, au ukiushika redioni, ni wako kuufanyia utakalo. Sivyo. Kusikiliza nyumbani na watoto wako ni jambo moja. Kuupiga mbele ya wateja, iwe ni saluni, hoteli, baa au matatu ya Likoni, ni kuuonyesha hadharani, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mwenye kazi alipwe. Muziki unamfanya mteja avumilie foleni. Dada mwenyewe anakiri siku umeme ukipotea watu husimama mlangoni wakaondoka. Basi muziki unamfanyia kazi, na mfanyakazi hulipwa.

Sasa mwenye kazi ni nani? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika wimbo mmoja mna haki tatu zilizolala kitanda kimoja. Kuna aliyetunga maneno na tuni. Kuna aliyeimba na waliopiga ala. Kuna aliyegharimia kurekodi. Kwa miaka mingi Kenya tumekuwa na vyama vitatu kwa haki hizo tatu: MCSK, kilichoanzishwa 1983, kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa watayarishaji. Juu yao ipo Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, inayotoa leseni za kukusanya.

Nairobi mpango huu labda unaeleweka kirahisi, kwa sababu kijana anaweza kutunga, kuimba na kurekodi mwenyewe chumbani. Taarab yetu haikuzaliwa hivyo. Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Zein l'Abdin, Mungu amrehemu, alitia udi kwenye tungo za Sheikh Nabhany. Mshairi mmoja, mwimbaji mwingine, na mwenye duka la kaseti ni wa tatu. Ukimlipa mwimbaji peke yake umemdhulumu malenga, na malenga wetu wengi hawakuwahi kujiandikisha chama chochote. Walitunga, wakakabidhi karatasi, wakaenda zao msikitini.

Halafu kuna lile tusilopenda kulisema. Tuni nyingi za taarab ya Mombasa zilitoka kwenye filamu za Kihindi. Watu walitazama picha sinema, wakarudi nyumbani na tuni kichwani, malenga akaivika maneno ya Kiswahili. Mama zetu walizipenda hivyo hivyo. Kwa sheria, tuni ile ina mwenyewe Bombay. Tukienda kudai haki yetu, tujue na sisi tuna deni, na tusishangae mgao wa wimbo kama huo ukiwa wa maneno tu bila tuni.

Nirudi kwa mjomba. Wimbo uliokuwa ukiimba saluni aliuimba harusini, Kuze, mwaka 1974. Hakuna studio iliyohusika. Wakubwa watakumbuka jinsi ilivyokuwa: bendi imekaa jamvini au jukwaani, na mbele yake redio kaseti tano au sita za waalikwa, kila moja na mwenyewe akichunga vidude vyekundu viendelee kuzunguka. Wimbo ukiisha utasikia mlio wa vitufe, tak, tak, tak. Asubuhi yake kaseti moja inaazimwa, inanakiliwa, ya pili inakwenda Lamu, ya tatu Zanzibar, ya nne inasafiri na baharia hadi Muscat. Mwenye duka hupata moja na kuitoa mia moja. Mjomba alilipwa ujira wa usiku ule, akala biriani, basi.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi ya kunakili. Baba alikuwa na redio ya kaseti mbili, na majirani walileta kaseti tupu zao. Hatukuwatoza kitu. Hatukujiona wezi, tulijiona tunaeneza furaha. Na nikupe ukweli wote, ndugu msomaji: kama si kaseti hizo za kunakiliana, sauti ya mjomba ya 1974 isingekuwapo leo. Yeye mwenyewe hana nakala. Zake ziliharibika kwa unyevu wa Kuze, fangasi zikala utepe. Iliyobaki ni nakala ya nakala, iliyonakiliwa na mtu asiyemjua.

Na sheria yenyewe inakiri jambo hili kwa namna ya ajabu. Ili kazi ilindwe, lazima iwe imeandikwa au imerekodiwa. Wimbo ulioimbwa ukapotea hewani haulindwi. Kwa hiyo yule mwalikwa aliyeweka redio yake mbele ya jukwaa bila kuomba ruhusa ndiye aliyeupa wimbo wa mjomba mwili ambao sheria inaweza kuushika. Aliyemnyima mjomba mapato ndiye shahidi wake.

Kuhusu kunakili kwa matumizi ya mtu binafsi, sheria yetu haikulala kama watu wanavyodhani. Inasema mtu akitengeneza nakala moja ya rekodi kwa matumizi yake mwenyewe, hajavunja haki. Lakini haikuishia hapo. Inaongeza kwamba wenye haki wana stahili ya fidia kwa nakala hizo, na fidia hiyo itokane na tozo kwenye vifaa vya kurekodia na kaseti tupu na vyombo vingine vya kuhifadhia, ilipwe na mtengenezaji au mwagizaji pale bidhaa inapoingia nchini. Soma tena. Si dada yangu wa kulipa, si kijana wa mtaani. Ni mwagizaji, mara moja, mlangoni.

Wazo hilo si geni. Ujerumani waliliweka katika sheria yao ya 1965, wakati redio za kurekodia zilipoanza kuingia majumbani, kwa sababu waliona huwezi kupeleka polisi sebuleni kwa kila mtu kuhesabu nakala. Majirani zetu Tanzania nao wameweka tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vya aina hiyo, ikikusanywa na mamlaka ya kodi. Sisi maneno tunayo kitabuni zaidi ya miaka 20, tangu sheria ilipoanza kutumika 2003, na mpaka leo sijakutana na msanii hata mmoja wa Pwani aliyeniambia ameonja shilingi ya tozo hiyo. Makontena ya simu na memori kadi yanashushwa Kilindini, tunayaona kutoka Likoni tukingoja feri.

Badala yake tumechagua njia ya kukimbizana. Kule Kongowea kuna kijana mwenye kompyuta moja na mwavuli, anakujazia fleshi nyimbo mia kwa bei ya chai na mahamri. Huyo kwa sheria hana pa kujificha: si nakala moja, si matumizi binafsi, anauza. Akikamatwa, anastahili. Lakini aliyeuza fleshi tupu yenye nafasi ya nyimbo elfu kadhaa, akijua fika itajazwa nini, yuko dukani na kiyoyozi. Mimi naona tumemshika mkia tukaacha kichwa.

Najua jibu la wenye maduka: simu siku hizi ni ya benki, ya shule, ya kila kitu, kwa nini niitoze kwa ajili ya muziki? Hoja ina uzito. Tena vijana wengi hawanakili tena, wanasikiliza moja kwa moja mtandaoni. Ndiyo maana tozo iwe ndogo na iangalie zaidi memori kadi na fleshi kuliko simu yenyewe. Lakini kusema ni ngumu kupima si sababu ya kutoanza kwa miaka zaidi ya 20.

Hofu yangu hasa iko kwingine. Tuseme tozo imeanza kesho. Pesa zitaingia chungu gani, na nani atashika upawa?

Tazama historia ya karibu. Mwaka 2017 KECOBO ilikataa kuipa MCSK leseni, ikaipa MPAKE. Kesi zikafuata, MCSK ikarudi. Mwaka 2021 leseni za MCSK, KAMP na PRISK zote zilifutwa. Baadaye likaingia jina jingine, PAVRISK, na mvutano ukarudi mahakamani. Mwenye saluni afanyeje? Anaweza kulipa kwa nia safi kabisa na bado akaambiwa amelipa pasipo. Na kila vyama vinaposhindana, wenye hoteli huambiana wasubiri kwanza mshindi apatikane, na mwaka unakwisha hawajalipa mtu.

Masharti ya leseni yanataka angalau asilimia 70 ya makusanyo iende kwa wanachama, uendeshaji usizidi asilimia 30. Kwa maandishi ni haki tupu. Lakini mwaka 2019 wanachama wa MCSK walipata mgao wa Sh2,530 kila mmoja, na wasanii walipiga kelele nchi nzima. Mimi kiasi chenyewe hakinishtui kama lile neno "kila mmoja". Kama wimbo wako umepigwa kila siku na wangu haujapigwa hata mara moja, kisha tukapewa sawa, basi huo si mrabaha. Hiyo ni sadaka. Mrabaha ni hesabu ya kazi iliyotumika, na hesabu haiwezekani pasipo kuandika nini kilipigwa wapi.

Hapo ndipo Pwani tunapopigwa kumbo. Vituo vikubwa vya redio vinaweza kutoa orodha ya walichopiga. Saluni ya dada haina orodha. Hoteli ya Diani ambako bendi hupiga kila jioni kando ya bwawa haina orodha, au inayo na hakuna anayeiomba. Pesa zao zinapogawanywa kwa kufuata orodha za redio, shilingi iliyotoka Majengo kwa taarab itakwenda kwa wimbo ambao Majengo haukupigwa kamwe.

Mfano ninaoupenda ni "Jambo Bwana". Mtunzi wake, marehemu Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, aliutoa hapa hapa katika mahoteli yetu ya pwani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwapokea watalii. Boney M wakaurekodi upya 1983. Hadi leo kila bendi ya hoteli kutoka Shimoni hadi Malindi huuimba, na watalii hupiga makofi. Mtunzi amefariki 2024. Kwa sheria yetu haki ya mtunzi huishi miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, yaani warithi wake wana haki mpaka mwisho wa 2074. Lakini haki ya sauti iliyorekodiwa ni miaka 50 tangu ilipofanywa, kwa hiyo ile ya kwanza itamalizika mwanzoni mwa miaka ya 2030. Ni kesho kutwa hiyo. Kila usiku bendi ya hoteli inapouimba, haki inayoguswa ni ya mtunzi, na ndiyo yenye maisha marefu. Nani anaandika?

Kwa mjomba hesabu hiyo ni chungu zaidi. Haki ya mwimbaji nayo ni miaka 50 tangu kurekodiwa. Harusi ilikuwa 1974. Kama mwimbaji, muda wake ulikwisha tarehe 31 Desemba 2024, akiwa hai, bila kupokea hata ndururu. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na maneno je?" Maneno aliyatunga mwenyewe. Nikamwambia hayo ni yake mpaka afe, na miaka 50 baada ya hapo ni ya wanawe. Akasema, "Basi bado sijafa."

Si kwamba Pwani hatujawahi kupigana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Malindi, katika kesi dhidi ya kampuni ya simu kuhusu miito ya simu, iliamua kwamba kifungu cha 30A, kilicholazimisha malipo yapitie vyama, kinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Nairobi mwaka huo huo ikaona kifungu hicho hicho hakina kasoro. Sheria moja, mwaka mmoja, majibu mawili. Lakini kelele zile hazikupotea. Marekebisho ya 2022 yameweka wazi kwamba katika mapato ya miito ya simu mwenye wimbo apate angalau asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Ukitazama, hapo ndipo mgao unapoeleweka hata na mtoto, kwa sababu kila wimbo uliochukuliwa umeandikwa na mashine, jina kwa jina. Shida haikuwa kuhesabu. Ilikuwa nani apewe kipande gani, na hilo likaandikwa sheria.

Kwa hivyo ninalolitaka si chama kipya. Tumeshakuwa na vya kutosha. Nataka leseni ya saluni na hoteli ije na daftari, au programu ndogo ya simu inayosikiliza na kuandika. Teknolojia ya kuutambua wimbo kwa kuusikiliza ipo hata kwenye simu ya mtoto wa shule. Nataka mwenye hoteli akilipa, apeleke na orodha ya bendi yake. Nataka risiti iwe ya mahali pamoja, ili yakigombana majina huko juu, mama wa saluni asilipe mara mbili. Na tozo ya vifaa isianze mpaka jambo hilo la orodha liwe limekaa sawa, la sivyo tutaongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Serikali zetu za kaunti nazo zina kazi. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa wajibu wa kuweka daftari la mambo hayo. Chakacha, vugo, mwanzele, sengenya: hizi hazina mtunzi mmoja, ni za jamii, na msanii yeyote duniani anaweza kuchukua mdundo wake akauza. Diwani wako akija kuomba kura, muulize daftari la kaunti liko ukurasa wa ngapi.

Lakini kuna kazi ambayo hakuna serikali itakayotufanyia, nayo ni kukaa na wazee. Tuliianza kwa mjomba Jumamosi iliyopita. Mimi na daftari la shule, dada na simu ya kurekodi, mjomba ameegemea mto. Jina la wimbo, maneno ya nani, tuni ya nani au ya filamu gani, nani alipiga kodiani, nani dumbaki, harusi ya nani, mwaka gani. Mahali pengine alisita, akasema, "Hapo msiandike mimi, maneno yale ni ya jirani yangu, wanawe wako Kisauni." Tukaandika hivyo. Mpaka adhuhuri tulikuwa na nyimbo 31, na 19 kati ya hizo ni maneno yake. Tunaandaa kuzipeleka kwenye daftari la kitaifa la KECOBO, ingawa haki huzaliwa na wimbo wenyewe, si na cheti. Cheti ni cha kumnyamazisha mbishi. Mzozo wa "Malaika", kati ya waliomtambua Fadhili William na waliomtaja Adam Salim, unatuonyesha yanayotokea pale karatasi inapochelewa.

Wimbo mmoja ulitushinda. Mjomba anaukumbuka ubeti wa kwanza tu, na hakuna nyumbani mwenye nakala. Jumatatu nikaenda Kongowea kwa yule kijana wa mwavuli. Nikamwimbia ule ubeti, vibaya. Akafikiri, akaandika neno moja kwenye kompyuta, ukatokea. Akanitoza shilingi 20.

Nilipompigia mjomba kwenye simu yangu alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba, vidole vikicheza juu ya shuka.

"Umeupata wapi?"

Nikamwambia.

"Amekutoza ngapi?"

"Ishirini."

"Mmoja tu huu?"

"Mmoja."

Akafikiri. "Kamuulize kama anayo mingine yangu."